Bunga ya Matofali

Kinu changu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, ni chekundu ndani mpaka leo. Nimekiosha kwa maji ya moto, kwa majivu, kwa mchanga, na wekundu haukutoka. Watoto wangu wamezoea kusema kwamba sombe ya mama yao ina ladha ya nyumba. Naanza na kinu hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa chombo changu cha kwanza cha kazi. Niliacha kazi ya ujenzi kwenye shantie mwezi uliopita, baada ya daktari kusikiliza kifua changu na kukunja uso. Ninyi mliobaki mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunafanya beton, zege letu, wakati wa vita, tulipopunguza simenti na kutia unga wa matofali mahali pake. Nilisoma hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi tu. Makosa ya kuandika mtanisamehe. Makosa ya kazi nitayataja mwenyewe.

Niliingia kazini kwa sababu ya mume wangu. Alikuwa fundi wa kujenga chini ya kapita Cubaka, msimamizi wa mafundi, na asubuhi moja katika vita ya kwanza alitoka kwenda kufunga stoo ya vifaa, hakurudi. Hatukupata mwili. Baada ya majuma mengi kapita alikuja kwetu akiwa amefunga mwiko wa mume wangu ndani ya gazeti. Akauweka juu ya meza, akanywa chai, akaniuliza watoto wanakula nini. Nilimwambia ukweli. Akasema nije kesho na nivae viatu vilivyofungwa mbele.

Siku hiyo ya kwanza nilibeba maji na mchanga, na sikumbuki uchovu wake kuliko ninavyokumbuka jambo nililoliona saa nne. Walikuwa wanaondoa miti iliyoshikilia boriti ya beton juu ya mlango mpana wa duka. Kapita alivua kofia yake, akampa mtu aishike, akaenda kusimama chini ya boriti ile, katikati kabisa, akawaambia wagonge. Mti wa kwanza ukaanguka, wa pili, wa tatu. Yeye alikuwa anatazama juu kama mtu anayesoma tangazo. Boriti haikusogea. Akatoka, akavaa kofia.

Nilimuuliza kwa nini anavua kofia mahali ambapo mtu mwingine angetafuta ya chuma.

"Kofia ya nini, maman? Kama inaanguka, kofia itanisaidia?" akasema. "Mwenye kuchanganya njo anasimama chini. Hivi atachanganya muzuri."

Ndiyo ilikuwa desturi ya shantie yetu: aliyechanganya ndiye anayesimama chini. Sijaiona kwa kapita mwingine, na wazungu waliopita baadaye na vitabu vyao walisema ni hatari. Ni kweli, ni hatari. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikuona mtu akiiba simenti kwenye mchanganyiko.

Juma lile lile nilipata somo la pili. Nilipanda kuangalia boriti nyingine tuliyokuwa tumemwaga siku mbili kabla, nikapaza sauti kwamba beton imekauka. Kapita akasimamisha kazi. Akauliza ni nani amesema kukauka. Mafundi wakaanza kucheka kabla sijajibu, maana kila mmoja wao alikuwa amepitia hapo.

"Nguo inakaukaka," akaniambia. "Samaki ya sambaza inakaukaka. Beton haikaukake, beton inashikaka. Leta maji."

Nilibeba madumu ya adhabu, bidoni tano za maji, na kuzimwaga zote juu ya boriti ile. Baadaye alinieleza kwa utulivu. Simenti inakula maji ili ishike, na inaendelea kuyala siku nyingi baada ya uso wake kuwa mgumu. Jua likiyachukua maji hayo mapema, ndani kunabaki biskuti. Mtu anayesema kukauka, alisema, ataliachia jua limfanyie kazi, na atafurahi kuona inaenda haraka. Kwa hiyo alikataza neno lenyewe. Naweza kuwaambia kwamba kwangu lilifaa. Mpaka leo nikisema nguo zimekauka, natazama nyuma kwanza.

Halafu vita ya pili ikaja, na simenti ikakosekana. Lori zilikuwa zinakwama mahali ambapo hata madereva hawakupenda kupataja. Kifusi, kwa upande wake, hakikukosekana. Kila mtaa ulikuwa na ukuta uliolala. Kapita alikumbuka kwamba bwana aliyemfundisha kazi zamani alikuwa akijenga matangi ya maji kwa kutia unga wa matofali ya kuchoma ndani ya chokaa, na matangi yale bado yalikuwa yanashika maji. Akajaribu kuutia ndani ya simenti, kidogo kidogo, kwanza kwenye sakafu za vyoo, mahali ambapo kosa lingetuaibisha bila kuua mtu. Alipoona inashika, aliamua kipimo cha beseni: mabasini manne ya simenti, basini moja la unga. Hapo ndipo nilipoleta kinu changu.

Nawaandikia hatua zake kama tulivyozifanya. Kwanza, kifusi kina mwenyewe. Kapita hakuturuhusu kuokota tofali lolote kwenye nyumba iliyobomoka kabla ya kumuuliza mwenye nyumba, na kama amekufa, kuwauliza ndugu. Kuna wajane walitupa matofali yao yote, kuna waliotukatalia hata kipande, na wote tuliwaambia aksanti. Pili, gonga tofali kwa tofali. Likilia vizuri, ni zima. Likitoa sauti ya udongo, halikuiva, liache. Na lile lililoungua likawa jeusi linang'aa kama chupa, liache pia. Ni gumu sana kutwanga, na unga wake unakaa tu ndani ya beton bila kufanya kazi. Tatu, kwangua chokaa na plasta yote, osha udongo, anika juu ya mabati. Hapo ruhusa mnayo ya kusema kukauka. Nne, twanga, na uchuje kwa kitambaa cha pazia. Ukisugua unga kati ya vidole uingie kwenye mistari ya ngozi kama unga wa muhogo. Ukisikia chembe, rudisha kinuni. Tano, funga mdomo na pua kwa kitambaa kilicholowa. Mimi sikufunga miaka ya kwanza, nilikuwa naona joto. Sasa nikipanda ngazi napumzika mara mbili.

Kuna injinia mmoja aliyenieleza, baada ya vita, kwa nini unga ule unafanya kazi. Nilielewa nusu. Nusu niliyoelewa ni hii: simenti inaposhika inaacha chokaa ndani yake, na unga wa tofali unaikamata ile chokaa polepole, ukiwa na maji. Polepole ndilo neno la kukumbuka. Beton yenye unga inachelewa. Ukiipa maji na muda, itakuwa nzuri. Ukiiharakisha, ulikuwa unatwanga bure.

Kwa watu wa kwetu unga ni bunga, na mafundi wakaanza kuniita Maman Bunga. Jina hilo lilituletea shida mara moja. Tulikuwa tumekwenda Kavumu kuchukua matofali yaliyovunjika kwa wachoma matofali, na kwa kuwa gari lilikuwa dogo, tuliyatwanga huko huko tukarudi na mifuko ya unga. Kwenye kizuizi cha barabara askari akaniuliza ndani ya mifuko kuna nini. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu, bunga. Akashusha miwili. Ningeweza kumweleza, lakini alikuwa na bunduki na njaa, na sikujua ni kipi kitanijibu. Juma lililofuata tulipita tena, na askari yule yule akaja dirishani.

"Maman, bunga yako haiivake."

"Chef, ni ya matofali. Sikusema ni ya kula."

Akawageukia wenzake na kuwaambia kwamba bugali ile waliyoilaumu ilikuwa nyumba ya mtu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo walituacha tupite, na mimi nikajifunza kutaja vitu kwa ukamilifu.

Sasa nifike Bagira, ambako ndiko nilikokuwa ninaelekea tangu mwanzo.

Parokia ilitupa kazi ya kumaliza chumba cha kuzalia wanawake. Kuta zilikuwa zimesimama tangu kabla ya vita, bila kitu juu. Walitaka dari la beton, kwa sababu mabati yalikuwa yameibwa mara mbili, na kwa sababu juu ya dari wangeweza kuweka tangi la maji. Mkunga, sage-femme wa hapo, aliitwa Maman Noella. Alikuwa anazalisha wanawake chini ya hema la plastiki kando ya shantie, na kila asubuhi alituuliza ni lini, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mimba haingoji mafundi.

Siku ya kumwaga dari tulianza alfajiri. Mimi nilikuwa chini, kwenye mchanganyiko, nikihesabu mabasini. Kapita alikuwa juu na mafundi, wakishindilia kwa vyuma. Dari linamwagwa kwa siku moja bila kusimama. Ukisimama, sehemu ya jana na ya leo hazitashikana vizuri, na pale kwenye mpaka wake patakuwa udhaifu. Jambo hilo nilikuwa nalijua kama jina langu.

Alasiri ilibaki kona moja, ile ya upande wa barabara. Nikafungua mfuko wa mwisho wa simenti na kukuta umeshika ndani, jiwe zima, umepata unyevu stoo. Mifuko iliyobaki wazi haikutosha. Unga wangu ulikuwepo mwingi. Nilipaswa kumwita kapita ashuke. Sikumwita. Niliogopa atasimamisha kazi, na kona ibaki. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa najivunia unga wangu, na nilitaka kuona unaweza kufika wapi. Nikachanganya mabasini mawili ya simenti na mawili ya unga. Nusu kwa nusu. Mara tatu. Ndoo zikapanda, kona ikajaa, mafundi wakapiga makofi kwamba tumemaliza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilikwenda pale kapita alipokuwa ameinama juu ya pipa akiosha mwiko wake.

"Papa kapita," nikasema, "ile kona ya mwisho nimeweka bunga nusu kwa nusu."

Hakusimama wima. Alimaliza kuosha mwiko, pande zote mbili, akaufuta kwa suruali.

"Kona yote?"

"Mara tatu."

Nilikuwa nasubiri anifukuze, na nilikuwa tayari nimehesabu watoto wangu kichwani.

"Aksanti kwa kunisemea," akasema. "Basi, ile kona itaomba maji kuliko ingine. Tangi tutaiweka upande mwingine. Na miti ya pale, hapana kuitoa mbele ya miezi mbili." Kisha akatazama juu. "Tumejenga na sombe sasa."

Hakuwaambia mafundi. Hakurudia neno hilo tena. Tulifunika dari zima kwa magunia na majani ya migomba, na kila asubuhi yeye na mimi tulimwaga maji. Kwa kila siku alichora mstari mmoja wa makaa ukutani, karibu na mlango.

Asubuhi ya siku ya sita milio ya risasi ilianza upande wa juu. Kufika saa tatu njia ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani. Nilifunga vitu, nikachukua watoto, nikapita shantie kumwita kapita. Mke wake na watoto walikuwa wameshaenda kwao Walungu, nasi tulikuwa tunaelekea huko huko. Nilimkuta juu ya dari, amepiga magoti kwenye kona ile, anapanga magunia.

Nilimwita kutoka chini. "Papa kapita, twende. Beton imekauka."

Akageuka. "Umesema nini?"

"Imeshika," nikasema. "Papa, imeshika."

"Bado. Enda na batoto, maman. Mutu moja anatosha kwa maji."

Niliondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake.

Tulikaa Walungu zaidi ya mwezi. Niliporudi, nilikwenda Bagira kabla ya kwenda nyumbani. Maman Noella alikuwepo. Hakuwa amekimbia, maana siku ile ya kwanza alikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na baada ya huyo akaja mwingine. Ndiye aliyeniambia. Risasi ilimkuta kapita kwenye kijia akirudi kutoka kwenye chemchemi, bidoni mbili mikononi. Hakuna aliyekuwa amemlenga, hivyo ndivyo wanavyosema. Majirani walimzika nyuma ya chumba, karibu na rundo la mchanga, kwa sababu makaburini hakukufikika.

Nilikwenda kuutazama ukuta karibu na mlango. Mistari ya makaa ilikuwa kumi na minane. Baada yake mistari ilikuwa inaendelea, myembamba, ya kalamu ya biki ya bluu, imelala upande kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Niliihesabu. Haikukosekana siku hata moja.

Nikamuuliza Maman Noella kama ni yeye. Akasema ni yeye.

"Alinisumbuaka kila asubuhi," akasema. "Ananiambia, sage-femme, hii beton iko sawa mutoto mwenye kuzaliwa mbele ya wakati, hapana kuifunua. Na kwanza kona ile. Alianzaka na ile kona, anamwaga bidoni tatu, njo anaenda kwingine. Mi sikujua juu ya nini. Nikafanya vile alifanyaka."

Mimi nilijua kwa sababu gani. Nilimwambia pale pale. Alinishika mkono, na baada ya muda akaenda kumwangalia mgonjwa wake.

Wengi wamenifariji kwa kusema kwamba kapita alibaki kulinda vifaa, au kwamba alikuwa mzee na hakutaka kutembea. Labda. Hakuniambia, na mimi sitaki kujitengenezea faraja wala hatia ambayo sikupewa. Ninachojua ni alikoanzia kila asubuhi.

Tulingoja miezi miwili itimie, na siku chache zaidi. Mweze, fundi mkubwa aliyebaki, alichukua nafasi ya kapita. Asubuhi ya kuondoa miti alipanga watu na nyundo, akasema kwamba kwa kuwa kapita hayupo, atasimama yeye.

"Weye ulichanganya?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi toka."

Mweze akawaambia wenzake kwamba nimechanganyikiwa. Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyechanganya. Kisha nikawaeleza wote kuhusu kona, mabasini mawili kwa mawili, mara tatu, kama nilivyomweleza kapita. Walitazamana. Mmoja alisema miti ya pale iachwe milele, ijengewe ukuta. Maman Noella alikuwa mlangoni na wanawake wawili wenye matumbo makubwa, wanasikia yote. Nikasema: kama haiwezi kunibeba mimi leo, haiwezi kuwafunika hawa kesho, na ni bora tujue sasa hivi, wao wakiwa nje.

Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikampa Mweze akishike. Nilikwenda kona ya upande wa barabara nikatazama juu. Walianza kutoa miti ya mbali. Kila mti ulipoanguka vumbi dogo jekundu lilishuka. Ukabaki mmoja, ule uliokuwa karibu na bega langu. Mweze mwenyewe aliugonga. Alipiga mara mbili, akasimama, akaniangalia, akapiga tena. Mti ukaanguka.

Nilisikia kitu kidogo kikilia juu yangu, kama kucha juu ya sahani. Nikaona mstari ukitokea kwenye beton, mwembamba kuliko unywele, urefu wa mkono wangu. Ukasimama hapo. Nilingoja. Nilisali sala zote ninazozijua, na si nyingi, kwa hiyo nilizirudia. Dari halikushuka. Mwishowe Maman Noella akauliza kutoka mlangoni kama anaweza kuingiza kitanda.

Kitanda kiliingia siku hiyo hiyo. Tangi liliwekwa upande mwingine, kama kapita alivyosema.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, kwenye majengo makubwa kuliko lile, na simenti ilirudi, na unga wangu ukawa kitu cha kuelezea wageni, kabla vijana kama ninyi hamjaanza kuuliza tena. Sina malalamiko. Nililea watoto kwa kinu. Nilifundishwa na mtu aliyenishukuru siku niliyostahili kufukuzwa, na sijawahi kumkaripia mtu aliyekuja mwenyewe kunieleza kosa lake. Mwiko wa mume wangu nimeuacha stoo, kwenye msumari wa kwanza kushoto. Uutumie yeyote, auoshe pande zote mbili.

Kila kiangazi nimekuwa nikienda Bagira na penseli. Napanda juu ya stuli, nachora alama ndogo mahali ufa unapoishia. Alama zote zinaangukia mahali pamoja, ufa haujaongezeka. Kisha naenda nyuma, palipokuwa na rundo la mchanga, nang'oa majani, namwagia kapita maji kidogo. Lakini ngazi sasa zinanishinda, na stuli nayo inaniogopesha. Ufa ule ni wangu, sikupenda kumwachia mtu. Naomba mmoja wenu anipokee kazi hiyo. Ni kona ya upande wa barabara. Amwombe mkunga ruhusa, angoje kama kuna mwanamke ndani, na aende na penseli iliyochongwa.